Meza ya Bao na Karata Isiondolewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Nimepewa dakika 20, nami nitazitumia kwa jambo moja tu. Katika ajenda ya leo, kifungu cha michezo, Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao siku yetu ya michezo iwe na mpira wa miguu, kuvuta kamba na mbio za magunia peke yake, na meza za bao, drafti na karata ziondolewe. Sababu zilizotolewa ni tatu: kwanza, ati michezo hiyo ni ya wavivu, pili, inawazoeza vijana kamari, na tatu, haina watazamaji. Nasimama kuipinga hoja hiyo. Naomba Kamati isinichukie, maana wengi wao nimeketi nao kwenye meza hiyo hiyo inayotakiwa kuondolewa, na mmoja wao bado ananidai mchezo wa marudiano.

Nianze na uvivu, kwa kuwa ndilo neno lililoniuma.

Sisi tuliokulia katika uwanda huu wa kati tunajua kalenda yake. Mvua zetu ni chache, nazo huja kwa kishindo kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa. Katika miezi hiyo hakuna mtu anayekaa. Mtama na uwele havimngojei mtu, na palizi ikichelewa wiki moja watoto watalala na njaa mwaka mzima. Nafaka ikishaingia ghalani, kiangazi huja na vumbi lake na upepo wake, na hapo ndipo wazee walipokaa chini ya mbuyu au mkwaju wakachimba mashimo ardhini na kuokota kokoto. Mgeni aliyepita mwezi wa Agosti akawakuta, aliandika katika daftari lake kwamba watu wa huku ni wavivu. Angalipita mwezi wa Januari asingalimwona mtu kivulini.

Hata hivyo sitaki kujidai kwamba lawama hiyo ni ya wageni tu. Serikali yetu wenyewe imewahi kuwakemea wacheza bao, na ilikuwa na haki. Mwaka 1983 tulikuwa na sheria ya nguvu kazi, na mwaka 2016 viongozi wa mikoa na wilaya mbalimbali walikataza bao na drafti saa za kazi. Mimi ni mtumishi wa umma, siwezi kumtetea mtu anayesukuma vizibo vya soda saa 4 asubuhi siku ya Jumatatu hali watu wanapanga foleni mbele ya ofisi yake. Lakini lililokatazwa hapo ni saa, si mchezo. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna aliyetuhimiza kazi kumshinda, alipenda bao na alilicheza na wazee wenzake kijijini Butiama. Na serikali hiyo hiyo, kila mwaka inapokusanya watumishi wake kwenye mashindano ya SHIMIWI, huweka bao, drafti na karata katika orodha pamoja na mpira na riadha, kwa wanaume na kwa wanawake. Mashindano hayo yalikuwa Tanga mwaka 2022, Iringa mwaka 2023 na Morogoro mwaka 2024. Ikiwa wizara zinaona fahari kupeleka wachezaji wa bao safari ya kilomita mia kadhaa, sisi tunaona haya gani kuweka meza mbili chini ya mwarobaini?

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme kwa nini nalishikilia jambo hili kiasi hiki, maana ningeweza kunyamaza na kwenda kucheza kwangu.

Mji huu si ule tuliouacha tulipomaliza kidato cha sita. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 ndipo wizara zilipofunga mizigo kwa kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na mwaka 2019 ofisi za wizara zikafunguliwa Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 411,000 hivi. Ya mwaka 2022 ilitukuta zaidi ya 765,000. Maana yake ni kwamba karibu kila mtaa umejaa watu wasiojuana. Mtumishi amehamishwa kutoka Dar es Salaam, amepanga vyumba viwili Ilazo au Nkuhungu, mkewe na watoto wamebaki pwani kwa ajili ya shule. Saa 10 anatoka kazini, anafunga mlango, anafungua televisheni. Jirani yake ni mwenyeji, mkulima wa zabibu, naye humwona huyu bwana mwenye gari kama mpangaji wa kupita. Wanaweza kuishi ukuta kwa ukuta miaka mitatu wasijue majina.

Mtaani kwetu tulianza na ubao mmoja wa bao na pakiti moja ya karata, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya saa 8 mchana. Baadaye likaja drafti, kisha dhumna iliyoletwa na kijana mmoja wa Tanga. Hatukuwa na chama wala katiba. Tulikuwa na kivuli, mabenchi ya kuazima na birika la kahawa. Siku hiyo haina mgeni rasmi, na nadhani ndiyo sababu imedumu.

Wanafunzi wa sasa, ambao wengi wenu mnajua bao la kujifunza tu, lile la kete mbili mbili kila shimo, nawaomba mnisikilize kidogo hapa. Bao lenyewe lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita katika nyumba na nne katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizobaki huzishika mkononi. Hizo 22 huingizwa moja moja, kila zamu kete moja, na hiyo ndiyo namua. Zikiisha mikononi ndipo mtaji huanza. Ukiweza kula, ni lazima ule, hata kama unaona kwamba kula huko kutakuua. Na ukimaliza kete za safu yako ya mbele, umefungwa, hata kama nyuma una akiba ya kujaza kikapu.

Sheria hiyo ya kula kwa lazima ndiyo iliyotupa mchezo ambao mtaani wanausimulia mpaka leo. Palikuwa na mkuu wa idara mmoja, mtu wa makamo, na mzee mmoja aliyestaafu utarishi. Walipokuwa kazini, mzee ndiye aliyesimama bwana huyu alipopita na jalada. Siku hiyo mkuu wa idara alifika, akakuta nafasi iliyobaki ni mbele ya mzee yule, akainama akasema, "Shikamoo, mzee." Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu, kaa." Wakaanza. Bwana mkubwa alicheza kama watu wanavyoweka fedha benki: kila kete iliyokwenda kwenye nyumba aliifurahia, hata nyumba ikafikia kete 11. Mzee alikuwa anaweka vichambo upande wa pili. Kijana akala kimoja, kwa kuwa ni lazima, akala cha pili, na kila alipokula, kete zake zilimalizikia mahali alipotaka mzee. Zamu ya nne mzee akaweka kete moja mbele ya nyumba ile, akaikomba yote, akaanzia kichwani, akasambaza mpaka ubao ukageuka sura.

"Mzee, ungenionya basi," bwana mkubwa akasema huku watu wakicheka.

"Nimekuonya mara tatu, mwanangu. Ulikuwa hutazami mkono wangu, unatazama nyumba yako."

Wiki zilizofuata walizoea kukaa pamoja. Siku moja mtu wa tatu pale mezani akataja kwamba mzee huyu anahangaika na mafao yake mwaka wa pili. Mzee mwenyewe hakuwahi kulisema. Mkuu wa idara hakumfanyia upendeleo, wala asingeweza. Ofisi iliyohusika haikuwa yake. Alimwomba aje na nakala za karatasi zake, wakazisoma zote mbili tatu pale pale kwenye benchi, akamwonyesha barua ipi haimo. Hilo tu. Barua ikatafutwa ikapatikana. Ndugu zangu, mzee yule alikuwa amepita mbele ya madirisha mangapi ya ofisi kabla ya kupata mtu wa kukaa naye kwa utulivu akamsomea karatasi zake?

Sasa karata, ambazo najua ndizo zinazowatisha waalimu. Zilikatazwa bwenini enzi zetu, na sababu ilikuwa njema, kwa sababu saa za usiku ni za kusoma na kulala. Lakini karata zina habari zake ambazo ningependa vijana wazijue. Tunaposema kopa, uru, shupaza na pau, tunasema Kireno bila kujua: vikombe, dhahabu, panga na rungu. Neno karata lenyewe ni lao, na turufu pia. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakapoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, wakaondoka, karata zikabaki. Na wazee wa pwani wanapoziita zile picha "mzungu wa pili", "mzungu wa tatu" na "mzungu wa nne", msidhani wanahesabu Wazungu. Hizo ni alama. Bibi ana alama 2, ghulamu 3, mfalme 4; saba ina 10 na ree ina 11. Jumlisheni rangi zote nne mtapata 120, na nusu yake ni 60. Anayetaka kushinda sharti apate moja zaidi, na ndiyo maana mchezo ukaitwa wahedi wa sitini. Mwalimu wa hesabu aliyeko hapa anaweza kuwapa zoezi hilo kesho.

Nina jambo zito zaidi kuhusu karata. Wako wenzetu wawili, wote wa shule hii, wameniruhusu nilisimulie mradi nisitaje majina. Viwanja vyao vinapakana. Ugomvi ulikuwa wa mita moja na nusu ya ukuta. Kwa miaka minne hawakuamkiana. Wake zao walipishana dukani kimya, na watoto wao, waliosoma darasa moja, walikatazwa kutembea pamoja. Kila mmoja alikuwa na karatasi zake, na kila mmoja alikuwa na watu wa kumwambia kwamba haki ni yake.

Jumamosi moja wote wawili walifika kwenye siku yetu ya michezo, kila mmoja akidhani mwenzake hayupo. Karata tunacheza watu wanne, wawili kwa wawili, na wenza hukaa wakitazamana. Ili kuzuia marafiki wasijipange, tunapiga kura kwa vikaratasi. Kura ikawaweka pamoja. Mmoja akasimama kutaka kuondoka. Yule mzee wa bao, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa mwamuzi, akamwambia, "Kura imeanguka, baba. Ukiondoka, wenzio watatu wamekosa mchezo kwa ajili yako." Akakaa.

Mnajua kwamba mezani hairuhusiwi kumwambia mwenzako una nini mkononi. Kope, kikohozi, yote ni makosa. Unachoweza kufanya ni kuitazama karata anayoitupa na kujiuliza: kwa nini hii, na kwa nini sasa? Watu wawili ambao kwa miaka minne kila mmoja alilisoma kila tendo la mwenzake kwa nia mbaya, sasa walilazimika kulisoma kwa nia njema, la sivyo wafungwe. Mchezo wa kwanza walifungwa vibaya. Wa pili pia. Katika mchezo wa tatu mmoja alikuwa na ree ya kopa, alama 11, na mwenzake alikuwa ameanza kwa karata ndogo ambayo haikuwa na dalili yoyote ya kushinda. Mwenye ree aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaiacha, akatupa karata isiyo na thamani, akamngoja mwenzake. Mzunguko uliofuata mwenzake akatoa turufu kubwa, na ree ikalala juu yake salama. Walishinda kwa alama 64. Hawakupeana mikono. Mmoja alisema tu, "Nilijua utaisubiri." Mwenzake akajibu, "Nilikuona ulivyoanza."

Msinielewe vibaya. Karata hazikupima kiwanja. Aliyepima ni mpima ardhi, miezi mitano baadaye, na gharama yake waligawana. Mmoja alipoteza sehemu ya ukuta na hakufurahi. Lakini huwezi kwenda kumwita mpima ardhi pamoja na mtu usiyemwamkia. Na hapo nawauliza wajumbe wa Kamati: mpira wa miguu ungewafikishaje hapo watu wawili wenye umri wa miaka 50, mmoja ana kisukari na mwingine ana goti bovu?

Kuhusu kamari sitasema mengi, kwa kuwa nakubaliana na Kamati. Fedha ikiingia mezani, mchezo umekwisha. Sisi mtaani hatuwekeani hata soda. Lakini tutazame kamari iko wapi hasa. Tangu ipite sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, biashara hiyo imekua mpaka imeingia kwenye simu ya kila kijana. Kijana anayepoteza fedha ya karo kwa simu hamwoni aliyemshinda, wala hakuna mzee wa kumwambia, "Mwanangu, leo inatosha, nenda nyumbani." Mkiiondoa meza yetu, simu hamtakuwa mmeiondoa. Tena itakuwa mmeiondolea mshindani.

Na hao watazamaji wasiokuwepo? Ndugu Mwenyekiti, shida yetu ni kwamba wako wengi mno na wote ni mafundi. Mwaka jana kwenye drafti walizunguka watu wasiopungua 20, kila mmoja akimshauri binti wa mwenzetu mmoja ahamishe kizibo gani. Binti hakumsikiliza hata mmoja, akawafunga watu wazima wanne mfululizo. Wa nne alidai jua lilimpiga machoni.

Basi, ninachopendekeza ni hiki. Meza zibaki, na ziongezwe moja kwa ajili ya wanawake na mabinti wanaofuatana nasi, maana kwenye benchi la mtaani hawapewi nafasi kwa urahisi, na hilo ni kosa letu wanaume. Zianze saa 4 asubuhi na zifungwe mpira unapoanza, ili asiwepo wa kusema tunauibia mpira watu wake. Kanuni ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mtini kabla ya mchezo, kwa kuwa ugomvi wote niliopata kuuona mezani ulitoka kwa watu wawili waliojifunza mahali tofauti, kila mmoja akiapa kwamba kwao ndivyo. Fedha marufuku. Na kila mchezaji mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 acheze angalau mchezo mmoja na mwanafunzi wa sasa, bao la namua, si la kujifunza. Mafundi waliobaki katika mji huu wanahesabika, na wengi wao hawapandi tena ngazi bila kushikwa mkono.

Gharama ni ndogo. Mbao za mninga ninazo mwenyewe, zilibaki nilipojenga. Nimekwisha kuzungumza na seremala mmoja, atachonga mabao mawili kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na wacheza bao wa mtaani kwetu wamekubali kumlipa ujira wake. Kete za komwe ataleta mwenzetu aliyeko Tanga, kwa sababu miti yake ni ya pwani. Kama hazitafika, kokoto za Dodoma zipo na hazijapata kumshinda mtu. Kilichobaki ni kivuli, na mwarobaini ule ulio nyuma ya bwalo ulipandwa kabla hatujafika hapa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.